Larkin Poe: sauti mbili za tumbo moja, na gitaa la mapajani linaloimba ya tatu

#1 KitabuChaNota

Salaam wakuu.

Jukwaa hili wiki nzima ni nani kamzidi nani kwa watazamaji. Leo naomba mnivumilie. Nina watu wawili wa kuwaleta jamvini, na wala si wa kwetu.

Nilikuwa natoka Dodoma kuja Morogoro usiku. Dereva kazima redio baada ya abiria kulalamika, nikachomeka spika za masikioni. Simu ikajichagulia yenyewe wimbo ambao sikuwahi kuusikia. Gitaa zito, mdundo wa kukanyaga, mwanamke anaimba kama mtu anayedai haki yake mlangoni kwa jirani. Nikasema sawa, roki hiyo. Kiitikio kilipofika ikaingia sauti ya pili juu yake. Wakuu, nimeimba kwaya miaka 19 na kufundisha 7. Nilikaa wima kwenye kiti. Kabla sijasoma popote nilijua hawa wamenyonya ziwa moja.

Ndio Larkin Poe. Hakuna mtu kwenye bendi mwenye jina hilo. Larkin Poe ni babu yao wa vizazi kadhaa nyuma, na alikuwa binamu wa Edgar Allan Poe, yule mwandishi wa mambo ya kutisha. Wenyewe ni Rebecca na Megan Lovell, waliokulia Calhoun, kaskazini mwa jimbo la Georgia, Marekani. Rebecca ndiye mdogo, anaongoza kuimba na kucharaza gitaa la umeme. Megan anaimba sauti ya pili na anapiga gitaa la mapajani, lile la kuteleza na chuma, ila yeye kalifunga mkanda analipiga kasimama.

Walianza na violin utotoni, mambo ya kusoma nota ukutani. Kisha wakahamia bluegrass, muziki wa milimani kwao, wakiwa watatu na dada yao mkubwa Jessica, wanaitwa The Lovell Sisters. Mwaka 2006 Rebecca akiwa na miaka 15 alishinda shindano la mandolini la tamasha la MerleFest, na hakuna mwanamke aliyewahi kulishinda kabla yake. Mwishoni mwa 2009 kundi likavunjika. Januari 2010 waliobaki wawili wakaanza upya kwa jina la babu, wakatoa albamu fupi nne zenye majina ya majira ya mwaka. Wakazunguka dunia na Elvis Costello, mwimbaji wa Uingereza, mara nyingine wakiwa waitikiaji wake tu. Mwaka 2017 wakaanza kutoa kazi kwenye lebo yao wenyewe, na hapo ndipo bluzi ikachukua nyumba yote. Albamu yao ya 2022 inaitwa Blood Harmony. Kwa Kiswahili ningesema "mwafaka wa damu". Februari 2024 ikawapa Grammy ya albamu bora ya bluzi ya kisasa.

Watu wengi wanawasifia kwa magitaa. Mimi nasema gitaa ni sababu ya pili. Toa magitaa yote, waache wawili na kipaza sauti kimoja, bado una bendi. Toa ile sauti ya pili, unabaki na wapiga roki wazuri, na wapiga roki wazuri wako wengi.

Nimemaliza. Karibuni, ila msinipige mawe.

#2 Bando Limeisha

Uzi bila picha ni batili.

#3 KitabuChaNota

Mkuu muziki hauna picha, tega sikio.

#4 Mbishi wa Tandale

Mwalimu nakuheshimu, lakini hapa umepigwa mchana kweupe.

Bluzi ni kilio cha watu weusi wa Mississippi waliokuwa wanavuna pamba ya wenzao. Son House, mmoja wa wazee wa bluzi, aliacha muziki kabisa akaenda zake Rochester, New York. Wazungu walipomfuata 1964 alikuwa ameshaweka gitaa chini miaka mingi. Robert Johnson alirekodi nyimbo 29 tu, 1936 na 1937, akafa mwaka uliofuata akiwa na miaka 27, na hakuna aliyempa hata kikombe cha bati. Leo mabinti waliofundishwa violin nyumbani wanaimba nyimbo za hao hao wazee, wanabeba Grammy. Na wewe Mswahili unakaa wima kwenye basi.

#5 Bando Limeisha

Nimevuta kiti. Mwalimu jibu hiyo.

#6 KitabuChaNota

Mbishi, hoja yako ina mashiko, sitaizungushia maneno.

Ni kweli wanaimba nyimbo za Son House na Robert Johnson, na kila wakiimba wanawataja. Kutaja jina hakulipi deni, najua. Lakini nikuulize: walitakiwa waimbe nini? Georgia ni kusini. Bluzi iko kwenye udongo wa pale kama taarab ilivyo Tanga. Mtoto wa Tanga akiimba taarab hatumuulizi babu yake alitoka wapi, tunamuuliza kama anaijua.

Kinachonifanya niwakubali ni kwamba Rebecca haigizi sauti ya mzee mweusi. Kuna wazungu wakiimba bluzi wanakwaruza koo makusudi, ukifumba macho unaona aibu wewe. Huyu anaimba kwa lafudhi yake ya Georgia. Halafu hii ni hasara yao pia: kuna nyimbo kadhaa za zamani wameziongezea gitaa mpaka maneno yamezama. Wimbo wa Son House hauhitaji kelele hizo zote, yule mzee alikuwa anatosha na makofi yake tu.

#7 Dada wa Alto

Nimesoma kimya kimya, sasa naongea.

Mwalimu, umemjibu Mbishi vizuri ila umemkwepa. Swali lake halikuwa kama wanajua kuimba. Swali lake ni nani anasikika. Basi mimi nikuletee madada wengine, uone ulivyokuwa umelala.

Southern Avenue, bendi ya Memphis, Marekani. Tierinii Jackson anaimba, mdogo wake Tikyra anapiga dramu huku anaimba. Wamekulia kanisani, na si kanisa la kukaa kimya. Gitaa anapiga Ori Naftaly, Mwisraeli aliyekuja Marekani 2013 kushindana kwenye mashindano ya kimataifa ya bluzi hapo hapo Memphis, akatafuta mwimbaji, akampata Tierinii, na baadaye wakaoana. Bendi ilianza 2015. Jina ni la barabara inayoelekea mtaa wa Soulsville, ilikozaliwa studio ya Stax, na albamu yao ya kwanza, 2017, ilitoka na Stax wenyewe. Siku hizi yumo na dada wa tatu, Ava, na violin yake. Albamu yao ya 2025 wameiita Family, mtu hahitaji kamusi.

Sasa sikia hii. Grammy za 2020, kundi lile lile la bluzi ya kisasa: Larkin Poe walikuwemo na Southern Avenue walikuwemo. Madada kwa madada. Wote wakashindwa, akachukua Gary Clark Jr. Leo Larkin Poe umeletewa na simu yako ukiwa umelala kwenye basi. Southern Avenue imebidi uletewe na mimi. Simu yako ilijifunza wapi kuchagua?

#8 Mbishi wa Tandale

Dada Mungu akuzidishie. Mimi nilikuwa natupa mawe gizani, wewe umewasha taa.

#9 KitabuChaNota

Dada wa Alto, nimenyooshwa na nimekubali. Jana nimewasikiliza mpaka saa 8 usiku. Tierinii akipanda juu yule mwingine hapandi naye, anabaki chini anamshikia kamba. Hiyo ni akili ya kanisani, anamwachia mwenye ushuhuda atoe ushuhuda. Kina Lovell hawafanyi hivyo. Wao wanatembea pamoja hatua kwa hatua, umbali ule ule, kama ng'ombe wawili wa nira moja. Nadhani ile ni bluegrass imebaki mwilini.

Na kuhusu simu sina utetezi.

#10 Gitaa la Mbao

Wakuu, nimechelewa, umeme ulikatika huku kwetu. Mnazungumza sauti tu, naomba na mimi nishushe nondo kidogo kuhusu hilo gitaa la mapajani, maana lina safari ndefu kuliko ya mtu yeyote aliyetajwa humu.

Halikuzaliwa Marekani bara. Ni la Hawaii. Mwishoni mwa karne ya 19 kijana mmoja wa kisiwa cha Oahu, Joseph Kekuku, alianza kuteleza na chuma juu ya nyuzi badala ya kuzibana kwa vidole. Mwaka 1915 kukawa na maonyesho makubwa San Francisco, wanamuziki wa Hawaii wakapiga pale, Marekani nzima ikashikwa na homa ya gitaa hilo.

Huku kusini watu weusi nao walikuwa na mtelezo wao. W.C. Handy, mtunzi wa bluzi, aliandika kwamba karibu mwaka 1903, akisubiri treni stesheni ya Tutwiler, Mississippi, alimwona mtu anapiga gitaa huku anabonyeza nyuzi kwa kisu. Kisu! Wengine shingo ya chupa, wengine mfupa. Kwa hiyo una mito miwili, wa Hawaii na wa Mississippi, na kwa Megan inakutana.

Sasa ile inayonifurahisha zaidi. Mnajua gitaa la kwanza la umeme kuuzwa madukani lilikuwa la namna gani? Watu wanadhani ni haya ya kuvaa begani. Hapana. Lilikuwa gitaa la mapajani, la alumini tupu, lililobuniwa 1931 na kampuni iliyokuja kuitwa Rickenbacker. Kiwiliwili kiduara, shingo ndefu, watu wakalibatiza "kikaango". Gitaa lilikuwa linazamishwa na matarumbeta kwenye bendi kubwa, na la Kihawaii ndilo lililokuwa na soko wakati ule, ndiyo maana likatangulia kupata umeme. Megan naye anapiga Rickenbacker ya zamani. Ukiona amekaza macho kwenye shingo ya lile gitaa ujue hakuna freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, ya kumwokoa. Chuma kikipita unywele mmoja, umechafua wimbo.

Kabla ya hapo, kwenye bluegrass, alikuwa anapiga dobro, lile gitaa lenye sahani ya bati tumboni. Hata dobro ni habari ya ndugu: walilitoa kina Dopyera mwaka 1928, wahamiaji kutoka Slovakia, na jina ni Dopyera Brothers limefupishwa. Kwa lugha yao dobro maana yake "nzuri". Naona uzi huu umelaaniwa na ndugu.

#11 Kijana wa Makambako

Shikamoo wakubwa. Mimi nina gitaa la kawaida la nyuzi sita. Hicho chuma cha kutelezea napata wapi, au chupa ya soda inafaa?

#12 Gitaa la Mbao

Marahaba mdogo wangu. Chupa ya soda nene mno shingoni, kidole kitacheza ndani. Tafuta chupa ya dawa yenye kuta zilizonyooka, au nenda kwa fundi bomba akukatie kipande cha bomba la chuma chenye urefu wa kidole chako kidogo, mwambie apige msasa kingo zote mbili. Ukisahau msasa utanikumbuka.

Kisha legeza nyuzi. Kutoka uzi mnene kuja mwembamba weka D, G, D, G, B, D. Unashusha uzi wa kwanza, wa tano na wa sita tu, mingine inabaki ilivyo. Ukizikung'uta zote bila kubana kitu tayari una kodi (nota zinazolia pamoja) kamili ya G, na hiyo ndiyo raha yake. Teleza juu ya freti yenyewe, usiteleze katikati ya freti mbili kama unavyobana kawaida. Na laza kidole nyuma ya bomba kuzuia mlio unaobaki, la sivyo itakuwa kama paka kwenye bati.

Usibonyeze. Kazi ya chuma ni kuelea.

#13 Kijana wa Makambako

Asante mzee. Fundi bomba kanicheka lakini kanikatia.

#14 Msee wa Kasarani

Wasee wa TZ, mmeniamsha. Mnaongea chupa na gitaa kama ni kitu ya Mississippi peke yake? Huku Magharibi ya Kenya, wakati wa mpiga gitaa George Mukabi, gitaa la omutibo, mtindo wa huko, lilikuwa halitoki bila chupa. Chupa ya Fanta, ile yenye mikunjo, mtu anakwaruza na chuma kutoa mdundo. Wao walitelezesha chupa, sisi tulikwaruza. Chupa ni ile ile.

Na nani alisema Kenya haijui habari ya hao watu wa kusini? Google jina Chemirocha. Hugh Tracey alizunguka na mashine yake ya kurekodi mwaka 1950, akafika kwa Wakipsigis, akakuta wasichana wa Kapkatet wanaimba kuhusu mtu anaitwa Chemirocha, nusu mtu nusu swara, wanamwambia acheze mpaka nguo zimdondoke. Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers! Yule mzungu wa Mississippi aliyefanya kazi reli, akaimba bluzi kwa kupindapinda sauti. Santuri zake zilifika huku na Waingereza, sauti ikatoka kwenye sanduku, watu wakasema huyu si binadamu kamili. Alikuwa amekufa tangu 1933 na huku bado wanamwimbia avue nguo.

Kwa hivyo Mbishi, ukisema hiyo si yetu, sisi Wakenya tulishaifanya kiumbe cha porini.

#15 Bando Limeisha

Nusu mtu nusu swara 😂😂 Nimecheka mpaka wife kauliza nachati na nani.

#16 Lushois

Bonjour bandugu. Mi niko Lubumbashi. Munasema gitare na Hugh Tracey bila kutaja Jean Bosco Mwenda? Tracey alimukuta Jadotville, leo tunaita Likasi, mwaka 1952. Bosco alikuwa anapiga na bidole bibili tu, kidole gumba na kile cha kwanza, lakini unasikia kama batu babili banapiga. Na aliimba Kiswahili, Kiswahili ya kwetu. Mwaka 1969 alienda Newport kule Amerika, festival ya folk, bazungu banamusikiliza.

Njo kusema barabara haikuwa ya upande moja.

#17 Mbishi wa Tandale

Ndugu wa Lubumbashi umenigusa. Mzee wangu alikuwa na kigitaa cha kuunga unga na alikuwa akijaribu vidole vya Bosco kila Jumapili. Hakuwahi kuvipata mpaka anazikwa.

Sasa niseme kitu, na msinicheke. Nimekuwa mkali humu, ila jana nimetoa santuri za mzee kwenye kabati. Simba Wanyika. Wilson, George na William Peter Kinyonga, ndugu watatu wa Tanga. Walianzia Jamhuri Jazz huko huko kwao, wakapitia Arusha, 1971 wako Kenya na jina jipya. Nimezisikiliza miaka arobaini na kitu nikijua ni magitaa. Jana kwa sababu ya huyu Mwalimu nikasikiliza sauti. Wakuu, wale walikuwa wanaimba kama mtu mmoja mwenye makoo mawili. Hakuna anayemfuata mwenzake, wanafika pamoja kwenye neno, hata pumzi wanavuta pamoja. Nilikuwa na kitu hicho kabatini nikaenda kugombana kuhusu Georgia.

Mwalimu, kwa nini ndugu wanaimba hivyo? Ni damu kweli au ni mazoezi?

#18 Dada wa Alto

Mbishi amebadilisha jina nini? Mtu aangalie kama akaunti haijadukuliwa.

#19 Fundi Mitambo

Naomba nimsaidie Mwalimu, mimi nakaa nyuma ya meza ya sauti kila wiki.

Kwanza vokali. Watu waliokulia nyumba moja wanafungua mdomo sawa. A yao ni A ile ile, E ile ile. Nikiwa na waimbaji wawili wa mikoa tofauti, hata wakiwa kwenye nota sahihi kabisa, nasikia mmoja amefungua "e" na mwingine ameibana, basi zinakaa kama mafuta na maji. Ndugu hawana tatizo hilo. Mafuvu nayo yanafanana, pua, kaakaa, urefu wa koo. Chombo kimetoka kiwanda kimoja.

Pili ni mapigo. Sauti moja ikiwa mitetemo 440 kwa sekunde na nyingine 442, utasikia mawimbi mawili kila sekunde, wuu-wuu. Waliozoeana tangu utoto wanalisikia wimbi hilo kabla hata halijakua, wanajirekebisha bila kufikiri.

Tatu, na hapa ndipo lile gitaa la Megan linaingia. Gitaa la freti limepangwa kwa maelewano. Kila nota imeibiwa kidogo ili funguo zote zipigike. Kutoka do mpaka mi kwenye freti ni senti 400 (senti ni kipimo cha umbali kati ya nota), yaani nusutoni nne za senti 100 kila moja. Lakini sikio la mwanakwaya likiachwa bila kinanda linataka mi ya chini zaidi, karibu 386. Hizo senti 14 ndizo zinazofanya kwaya bila kinanda iwe tamu kuliko kwaya yenye kinanda kibovu. Gitaa la chuma halina freti, Megan anaweza kukaa pale pale sikio linapotaka. Kwa hiyo sauti mbili na chuma kimoja, vyote vitatu vinakutana kwenye mi ambayo gitaa la Rebecca mwenyewe halina.

Ndiyo maana Mwalimu kasema linaimba ya tatu. Hajakosea, ila hakujua kwa nini. Samahani Mwalimu.

#20 KitabuChaNota

Hapana, usiombe samahani, nimenakili kwenye daftari.

Mbishi ameniuliza kama ni damu au mazoezi, nami nilitaka nikae kimya, kwa sababu jibu langu ni habari ya nyumbani.

Nina dada yangu, amenizidi miaka mitatu. Tulikuwa tunaimba wawili tangu tunapika pamoja jikoni kwa mama, yeye juu mimi chini, na sauti yangu ilipovunjika tukagawana upya bila kuambiana. Kwenye kwaya ya vijana walikuwa wanatuweka mbele. Kisha akaolewa Kigoma, na yakatokea mambo ya kugawana kiwanja cha baba ambayo sitayaleta hapa. Miaka 11 hatukuimba pamoja. Tulikuwa tunapigiana simu sikukuu na msiba tu.

Mama alipofariki, usiku wa pili, wanawake walikuwa wanaimba pale uani. Mtu akaanzisha wimbo mmoja ambao mama aliupenda, akauanza juu mno, watu wakashindwa ukafa njiani. Dada yangu akauokota chini kidogo. Mimi nilikuwa nimekaa na wanaume upande wa pili wa turubai. Mdomo wangu ulijifungua wenyewe. Hakuna mazoezi, hakuna nota, hatukuonana usoni. Tuliingia kwenye beti ya pili tukatoka pamoja mwisho wa beti ya tatu, hata pale mama alipokuwa akikosea maneno tulikosea wote wawili.

Fundi kaeleza vokali na mafuvu, na naamini. Miaka 11 ya hasira haikuweza kubadilisha "e" ya jikoni kwa mama. Kwa hiyo Mbishi, sijui niite damu au mazoezi. Mazoezi tuliyafanya wakati hatujui kama ni mazoezi.

Ndiyo maana nilikaa wima kwenye basi.

#21 Bando Limeisha

Pole sana mkuu. Sina utani leo.

#22 Lushois

Pole sana ndugu.

#23 Mbishi wa Tandale

Mwalimu, pole. Sasa sikiliza, sina maneno mazuri ila nina swali moja: mmeimba tena baada ya msiba?

#24 KitabuChaNota

Hapana. Yeye Kigoma, mimi Morogoro. Nauli unaijua.

#25 Dada wa Alto

Nauli ni kisingizio na wewe unajua. Simu si unayo, hiyo hiyo inayokuchagulia nyimbo?

Usijaribu kuimba naye moja kwa moja kwa simu, sauti inachelewa mtagombana upya. Fanya hivi. Piga gitaa peke yako, kwenye ufunguo wake yeye, si wako. Imba sauti ya chini. Mtumie. Yeye aweke spika ya sikio moja tu, sikio lingine liwe wazi ajisikie, arekodi juu yake kwenye simu nyingine. Fundi Mitambo atawaunganishia, au Fundi unakataa?

#26 Fundi Mitambo

Sikatai. Asirekodi karibu na feni, na asirekodi chumba chenye vigae. Akae kabatini kwenye nguo kama hana pa kwenda. Sicheki, nguo zinameza mwangwi.

#27 Msee wa Kasarani

Buda fanya hiyo kitu. Sisi huku tutakungoja hata kama ni mwezi.

#28 Kijana wa Makambako

Mwalimu samahani kuingilia, mimi nimeweza kuteleza wimbo mmoja wa Tenzi. Mama kasema afadhali.

#29 KitabuChaNota

Wakuu, ni wiki tatu, najua. Nilipiga, nikatuma. Alikaa nayo siku nne haijibu, bluu mbili zimewaka tu. Nikasema nimeharibu.

Leo asubuhi kaleta sauti. Ameimba. Kabatini, kama Fundi alivyosema, nasikia vining'inizi vya nguo vinagongana.

#30 Mbishi wa Tandale

Weka hapa tusikie!!

#31 KitabuChaNota

Amekataa. Anasema uzi wangu wa B umepanda, kwamba hata mama angesikia, na mpaka niushushe nirudie upya hakuna mtu wa mtandaoni anayesikia kitu. Kisha akaniuliza hiyo beti ya tatu kwa nini nimeimba maneno sahihi.

Nakwenda kurudia. Funga mlango Bando.